Dozi ya Panya na Kikombe cha Mtu: Kazi ya Dondoo za Mimea Dhidi ya Maradhi ya Mlo

Kabla ya kuamini jedwali lolote la dondoo ya mmea, yaani kile kilichovutwa kutoka kwenye mmea kwa maji au spiriti, dhidi ya kisukari, kitambi na maradhi mengine ya mlo, fanya hesabu moja. Tuseme ripoti inasema miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito zilishusha sukari ya damu ya panya wa maabara wa aina kubwa (rat) walionenepeshwa. Zidisha 400 kwa 6, namba ya panya huyo, kisha gawa kwa 37, namba ya mtu. Unapata karibu miligramu 65 kwa kila kilo ya mtu. Huo ndio ulinganisho wa eneo la mwili uliowekwa kwenye mwongozo wa mwaka 2005 wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA. Mtu wa kilo 70 atahitaji gramu 4.5 za dondoo kavu kwa siku. Kama gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 12 za dondoo, hizo gramu 4.5 zinatokana na gramu 38 hivi za majani makavu kila siku. Inawezekana, ingawa si raha. Dozi ikiwa miligramu 1000 kwa kilo, na ripoti za namna hiyo ni nyingi, mtu atatakiwa kumaliza gramu 95 za majani makavu kila siku ya Mungu. Hayo ni malisho, si dawa. Panya wakiwa wale wa aina ndogo weupe (mouse), zidisha kwa 3 badala ya 6.

Jaribu hesabu hiyohiyo kwa metformini, dawa ya kisukari ambayo panya wakubwa hupewa mara nyingi miligramu 150 kwa kilo. Inakuja kama gramu 1.7 kwa mtu wa kilo 70, na wagonjwa kliniki wanameza hadi gramu 2 au zaidi kidogo kwa siku. Namba zinakutana. Na metformini yenyewe ina asili ya mmea: Galega officinalis wa Ulaya una galejini, watu wakachunguza jamii ya kemikali hiyo, metformini ikatengenezwa maabara mwaka 1922, na Mfaransa Jean Sterne akachapisha matumizi yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Galejini ilikuwa na sumu, kwa hiyo chai ya mmea haikufika hospitali. Kilichofika ni molekuli ya jamii yake, iliyotengenezwa na kupimwa.

Hesabu hii inafaa kuanza nayo, si kumalizia nayo. Ukijua mwisho wa safari ni kikombe, unajua pia uanze na dondoo ipi. Dar es Salaam watu wanachemsha, au wanaloweka usiku na kunywa asubuhi, au wanatia unga kwenye uji. Wachache sana wanaloweka kwenye spiriti. Hata hivyo kazi nyingi za maabara zinaanza na methanoli, kwa sababu inavuta vitu vingi na inavukizwa haraka. Matokeo ya methanoli hayamwambii kitu mama wa Tandika anayechemsha rosela. Ushauri wetu ni kuanza na maji, ethanoli ya asilimia 70 ifuate kama kulinganisha, na methanoli ibaki ya kutafuta molekuli.

Mmea wenyewe ndio mahali pa kwanza pa kuharibikiwa. Ukinunua Kariakoo kwa wauza miti shamba, uliza: "Mama, haya yametoka wapi, na yalichumwa lini?" Jibu likiwa "yaliletwa na gari", usiyatumie kwa utafiti, hata kama ni ya bei nafuu. Unga haupelekwi kwa mtaalamu wa mimea ukatambulika. Anachohitaji ni tawi lenye majani, na maua au tunda, lililobanwa kati ya magazeti, lenye karatasi ya mahali, tarehe na jina la kienyeji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Peleka sampuli hapo, upate namba, namba iandikwe kwenye daftari na kwenye kila chupa. Mfano wa mdalasini unatosha. Ule wa Zanzibar na wa milima ya Tanga ni Cinnamomum verum, una kidogo mno kumarini, kemikali inayoweza kuumiza ini. Magome manene magumu ya kasia yanayoingizwa kutoka Asia yana kumarini ya wastani wa gramu 3 hivi kwa kilo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kiwango cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60. Gramu 2 za kasia zinakifikia. Watu wawili wanasema "natumia mdalasini", mmoja anaweza kuliumiza ini lake, mwingine hana tatizo.

Kukausha, sasa. Osha majani kwanza, hasa yaliyochumwa karibu na barabara, maana vumbi lake hubeba metali. Yatandaze kwenye chekeche za wavu, unene usizidi sentimita 3, kivulini, upepo ukipita juu na chini, na yageuze mara mbili kwa siku. Kiangazi yatakuwa tayari ndani ya wiki hivi. Dalili ni kwamba jani linavunjika vidoleni na kikonyo kinakatika kwa mlio. Masika ya Dar hayana huruma. Hewa imejaa maji, majani yanalala siku nyingi yakiwa laini, ukungu unaingia kabla hujauona. Miezi hiyo tumia oveni yenye feni, nyuzi 40. Pima unyevu kwa kukausha gramu 5 za unga kwenye nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena, uwe chini ya asilimia 10. Ukungu una madhara mawili: unakula kemikali unazozitafuta, na baadhi yake huacha sumukuvu inayoumiza ini. Kisha unapima vimeng'enya vya ini vya panya, unakuta vimepanda, unaandika kwamba mmea una sumu kumbe ni ghala lako.

Kwa maji: gramu 100 za unga kwa lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Majani na maua hayachemshwi muda mrefu. Mwagia maji yenye nyuzi kama 90, funika, acha dakika 15 hadi 30. Magome na mizizi chemsha nusu saa. Chuja kwa kitambaa, halafu pamba, halafu karatasi ya chujio Whatman Na. 1. Rudia machicha kwa nusu lita nyingine. Kisha gandisha siku hiyohiyo, kwenye trei pana, tabaka jembamba, na ukaushe kwa mashine ya kukaushia barafu. Maji ya majani yakilala mezani usiku mmoja kwa joto la Dar, asubuhi yana harufu ya togwa. Hapo yamwage.

Kwa ethanoli ni uwiano huohuo wa 1 kwa 10, siku tatu, ukitikisa, kisha rotavepa, mashine ya kuvukiza kwa mgandamizo mdogo, kwa nyuzi 40. Mimea yenye saponini inafanya povu, na povu likipanda linakwenda moja kwa moja kwenye kipozeo, umepoteza dondoo na umechafua mashine. Jaza chupa theluthi moja tu na ushushe mgandamizo polepole. Umeme ukikatika, au presha ya maji ikishuka, mashine inayovuta kwa mtiririko wa bomba inarudisha maji nyuma hadi ndani ya sampuli. Chupa tupu ya kukingia iliyowekwa katikati inaondoa balaa hilo, na haigharimu kitu. Hakikisha ethanoli imekwisha kabisa kabla ya kumnywesha mnyama. Pombe kidogo kila siku kwa wiki kumi inagusa ini, na ini ndilo unalolichunguza.

Andika mavuno ya kila mkupuo kwa asilimia. Bila namba hiyo, ile hesabu ya kikombe haifanyiki. Dondoo kavu nyingi zinanyonya unyevu kwa pupa. Ukiacha kifuniko wazi dakika kumi, unga unakuwa gundi, na gramu moja unayopima kesho si gramu moja ya leo. Gawa kwenye vichupa vidogo, weka silika jeli, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na ufungue kimoja kimoja.

Jaribio la haraka linalopendwa ni la vimeng'enya vinavyovunja wanga, amilasi na glukosidasi, dondoo ikilinganishwa na akabosi, dawa ya kisukari inayozuia vimeng'enya hivyo. Ni rahisi na linadanganya kwa njia tatu. Rangi ya dondoo inasomwa na mashine kwenye nanomita 405 au 540 kana kwamba ni rangi ya jaribio; weka kikombe cha dondoo bila kimeng'enya na utoe namba yake. Tanini, kemikali kakasi za mimea, zinagandisha protini yoyote ile, kwa hiyo "zimezuia" kimeng'enya kama ambavyo zingezuia kingine chochote. Rudia ukiwa umeongeza protini nyingine, albumini, uone kama nguvu inabaki. La tatu ndilo baya zaidi. Glukosidasi inayouzwa kwa bei nafuu ni ya hamira, na akabosi ni dhaifu sana kwa kimeng'enya cha hamira ikilinganishwa na kile cha utumbo wa mamalia. Ndiyo maana kila mwaka kuna majani mapya "yanayoishinda akabosi". Ukisoma hivyo, tafuta kimeng'enya kilitoka wapi kabla ya kushangilia.

Tuje kwenye chakula cha panya, maana hapa ndipo neno "maradhi ya mlo" linapopata au kukosa maana. Kuna wanaochoma panya streptozotosini na kuita hilo kisukari cha mlo. Dawa hiyo inaua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mmea ukimkinga panya na sumu hiyo, umeonyesha kukinga sumu, basi. Kitambi, mafuta ya ini na insulini isiyosikika mwilini vinataka wiki 8 hadi 12 za kulisha vibaya, hakuna njia ya mkato.

Chakula cha kuagiza nje, kile ambacho asilimia 60 ya nishati yake ni mafuta, ni ghali na kinahitaji kusafiri kwenye baridi. Unaweza kuchanganya mwenyewe: gramu 600 za chakula cha kawaida cha panya kilichosagwa, gramu 200 za mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, 150 za sukari, 50 za maziwa ya unga. Kwa uzito mafuta yaliyoongezwa ni asilimia 20. Kwa nishati, karibu nusu ya chakula chote sasa ni mafuta. Andika zote mbili, kwa sababu asilimia bila kusema ya nini haisaidii mtu. Lakini angalia protini. Chakula cha kawaida kina kama asilimia 18. Mchanganyiko huu umeshuka hadi 12 hivi, na kwa kuwa kila kijiko sasa kina nishati zaidi, panya anakula kidogo na kupata protini nusu ya aliyozoea. Ini linaweza kujaa mafuta kwa upungufu wa protini, si kwa mafuta uliyoyatia. Ongeza kasini, protini ya maziwa. Wengine wanakimbilia dagaa waliosagwa, ni rahisi na wapo kila soko; tatizo mafuta ya samaki yenyewe hushusha trigliseridi, yaani mafuta ya damu, ukawa umetia tiba kwenye ugonjwa.

Joto la Dar lina mambo yake. Mafuta ya ng'ombe yanaharibika upesi, panya wanayakataa, uzito unashuka, na wewe unaandika kwamba dondoo imepunguza unene. Tengeneza kidogo, hifadhi kwenye friza, badilisha kila siku mbili. Vipande vinavyolainika vinaanguka chini ya kizimba. Vipime na uvitoe kwenye hesabu ya kilicholiwa. Joto la chumba nalo si dogo. Panya wadogo hawatumii nishati kujipasha joto wakiwa kwenye nyuzi 30 hivi, lakini tafiti nyingi za nje zimefanywa kwenye nyuzi 22. Chumba chako kikiwa bila kipoza hewa, usilinganishe kilo zako na za watu wa huko.

Ukitumia maji ya fruktosi, sukari ya matunda, gramu 100 kwa lita, badilisha chupa kila siku, maana yanachacha. Sisimizi watakuja, hilo halina mjadala. Miguu ya rafu isimame kwenye vibakuli vya maji yenye tone la sabuni. Panya wa fruktosi hanenepi kila mara. Anakula chakula kidogo kufidia nishati ya maji, uzito unabaki palepale, huku trigliseridi na insulini vikipanda. Anayepima kwa mizani peke yake atasema jaribio limeshindwa. Kwa jinsi Dar inavyokula, chipsi mayai na soda juu yake, mchanganyiko wa mafuta na sukari unatufaa kuliko mafuta matupu.

Kundi linganishi lisile chakula cha dukani ilhali la mafuta linakula ulichochanganya wewe. Walishe mchanganyiko huohuo, wanga ukichukua nafasi ya mafuta. Na amua mapema: dondoo ikianza siku moja na mlo mbaya, unapima kinga. Ikianza wiki ya 8, wanyama wakiwa wamekwisha kuugua, unapima tiba. Mgonjwa wa kliniki tayari ameugua. Kabla ya kuwagawa, pima uzito na sukari ya kila mmoja, kwa sababu panya wa ukoo mchanganyiko hawanenepi sawa. Wapo wanaokula mafuta na kubaki wembamba. Wakiangukia wote kundi la dondoo, umepata ushindi wa bure.

Uchungu ni mtego mwingine. Karela, mwarobaini, shubiri: ukitia kwenye maji ya kunywa, panya anakunywa kidogo, anakula kidogo, anakonda. Mnyweshe mdomoni kwa sindano yenye ncha ya kitufe, mililita 10 kwa kilo isizidi, dondoo ikiwa imetandazwa kwenye gundi ya akasia, na kundi linganishi linyweshwe gundi tupu kwa mkono uleule na saa ileile. Kisha liwepo kundi moja linalopewa chakula kwa kipimo cha kile walichokula wa dondoo, bila dondoo. Kundi hilo ndilo linalofuta matokeo mengi mazuri. Linagharimu panya wanane na uvumilivu, na ndiyo maana ni wachache wanaoliweka.

Siku ya kupima sukari, mnyime chakula kwa saa 6. Kumlaza njaa usiku kucha, hasa panya mdogo, kunamaliza akiba ya ini. Glukosi gramu 2 kwa kilo, kwa mmumunyo wa asilimia 40 ni mililita 5 kwa kilo. Damu ya mkia dakika 0, 30, 60, 90 na 120, kila mnyama akipishana na mwenzake dakika moja. Mnyama asiyezoea kushikwa anapandisha sukari kwa woga. Wazoeshe wiki mbili kabla. Dozi ya mwisho ya dondoo iwe jana yake. Ukimnywesha nusu saa kabla ya glukosi, huenda unaona dondoo ikichelewesha sukari utumboni, jambo zuri lenyewe, lakini si sawa na kusema insulini sasa inafanya kazi vizuri. Kwa ini, kata kipande kigandishwe na kitiwe rangi nyekundu ya mafuta. Usindikaji wa nta unayeyusha mafuta yote na kuacha matundu. Na asiyejua mnyama ni wa kundi gani ndiye ahesabu mafuta hayo.

Kwa binadamu, kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha majaribio ya dawa cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, vinatangulia, na bidhaa ya kuuzwa inapitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Matokeo ya watu ni machache kuliko ya panya, na hayaendi upande mmoja. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010 liliwapa watu 65 wenye presha ya juu kiasi rosela au kinywaji kinachofanana nayo, vikombe vitatu vya mililita 240 kwa siku, wiki 6. Namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kwa 7.2 upande wa rosela na 1.3 upande mwingine. Ni presha, si kitambi, na haikuwa ile juisi ya rosela ya mtaani yenye sukari ya kutosha chai ya familia. Brazili walijaribu chai ya majani ya zambarau dhidi ya glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, na chai haikugusa sukari, pamoja na sifa zote za zambarau kwa panya. Uwatu unafanya kazi kwa sehemu kubwa kupitia nyuzinyuzi zake zinazovimba tumboni, kwa hiyo dondoo iliyochujwa safi imetupa kilicho bora. Mbegu zilizosagwa zinafaa kuliko kidonge chake. Vidonge vya hospitali vimezwe mbali na uwatu, saa mbili hivi, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiuguse bila daktari wake kujua. Mjamzito asitumie karela ya dawa.

Mgonjwa akisema kapsuli fulani ya mitishamba imeshusha sukari yake ndani ya siku mbili, shuku kabla ya kufurahi. Singapore mwaka 2008 watu wengi wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka mno baada ya kutumia dawa za nguvu za kiume na za asili zilizotiwa glibenklamidi kwa siri, na wanne walifariki. Upimaji wa awali hauhitaji mashine kubwa. Yeyusha unga wa kapsuli kwenye methanoli, chuja, dondosha kwenye bamba la silika kando ya glibenklamidi iliyosagwa, ya metformini, na dondoo ya mmea huohuo uliyoitengeneza mwenyewe. Simamisha bamba kwenye kiyeyushi kipande juu yake, kisha angalia chini ya taa ya nanomita 254. Doa linalolingana na kidonge na lisilokuwepo kwenye dondoo yako lipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ila bamba safi halimaanishi kapsuli safi: kwenye viyeyushi vya kawaida metformini haipandi, inabaki chini kabisa ikijificha kwenye uchafu wa mmea. Rudia na butanoli, asidi ya asetiki na maji, ndipo itakapojitenga.